Nyumba za Allah mjini: tujifunze nini kwa magofu ya Kilwa na Kaole?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, anayepita leo katika mitaa ya Kariakoo, kuanzia Msimbazi hadi Lumumba, ataona kwa macho yake kwamba mji unapanda juu. Nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na baraza mbele zimeondoka moja baada ya moja, na mahali pake yamesimama maghorofa. Misikiti nayo haikuachwa nyuma. Zipo jamaa zilizokwisha kuvunja msikiti wa mababu zao na kujenga upya, na zipo ambazo hadi sasa kamati zao zinakaa baada ya Isha zikibishana juu ya ramani: fremu za maduka chini, ukumbi wa swala juu yake, madrasa juu zaidi. Fedha za kazi hiyo hutoka katika sanduku la Ijumaa, katika wakfu wa marehemu, katika shilingi ya mama auzaye vitumbua alfajiri. Jengo likishasimama halivunjwi kesho. Wajukuu wa wajukuu wetu ndio watakaolitumia, kwa uzuri wake au kwa ubaya wake.

Katika mabishano hayo husikika kauli za namna mbili ambazo leo, In shaa Allah, tunataka kuziangalia. Ya kwanza husemwa kwa sauti kubwa: tujenge msikiti wenye kuba na minara kama ule tuliouona katika picha ya nchi fulani. Ya pili husemwa kwa kunong'ona: kiwanja kina mambo yake, ardhi ina nguvu, mahali pa kale pana siri, basi pasiguswe mpaka aitwe mtaalamu apazindike. Kauli hizi mbili zinaonekana kuwa mbali mbali, lakini mzizi wake ni mmoja, nao ni kudhani kwamba utukufu wa mahali pa ibada unaweza kuchukuliwa kutoka kwenye umbo la jengo, au kutoka kwenye udongo uliolibeba.

Ardhi ina nguvu gani?

Tuanze na hili la nguvu, maana ndilo linalogusa itikadi. Katika nchi za Magharibi wapo watu wengi wanaoamini kwamba majengo ya kale ya ibada yalijengwa juu ya mistari ya nguvu inayopita chini ya ardhi, na kwamba anayetaka kujenga mahali patakatifu hana budi kuitafuta mistari hiyo kwanza. Asili ya maneno haya ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mwingereza Alfred Watkins aligundua mwaka 1921, kwa kadiri alivyoona yeye, kwamba vilima, mawe ya kale na makanisa ya nchi yake yamekaa kwenye mistari iliyonyooka, akaandika kitabu mwaka 1925. Naye hakusema lolote juu ya nguvu. Alidai kuwa hizo zilikuwa njia za wasafiri wa kale. Habari ya nguvu iliongezwa na watu wengine katika miaka ya 1960, yeye akiwa amekwisha kufa.

Wala tusiwacheke Wazungu peke yao. Kwetu sisi kuna kuzindika kiwanja, kuna kufukia vitu kwenye msingi, kuna sadaka zinazopelekwa katika mapango ya Amboni kule Tanga. Katika magofu ya Kaole, mwendo mfupi tu kutoka mji wa Bagamoyo, upo mbuyu ambao mgeni huambiwa kuwa akiuzunguka umri wake utaongezeka, na kipo kisima ambacho maji yake yanasifiwa kwa baraka. Wageni huzunguka wakicheka. Lakini wako pia ndugu zetu wanaokwenda huko bila kucheka, wakiwa na haja zao mioyoni.

Siku hizi mambo haya yamevaa kanzu. Kupitia simu zetu husambazwa madai kwamba sumaku ya dunia haifanyi kazi Makka, au kwamba mji huo mtukufu uko katika kipimo fulani cha dhahabu kinachoonyesha kuwa ndio kitovu cha dunia. Mwenye kusambaza hudhani anaitumikia dini. Ukweli ni kwamba dira inafanya kazi Makka kama inavyofanya kazi Ilala, na kwamba kipimo hicho hupatikana kwa kuchagua mahali pa kuanzia kupimia. Al-Kaaba haihitaji ushahidi wa namna hiyo. Imetukuka kwa sababu Allah (S.W.) ameitukuza, na Nabii Ibrahim na mwanawe Ismail (A.S.) waliinyanyua misingi yake kwa amri Yake.

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alilifunga jambo hili mbele ya Jiwe Jeusi lenyewe. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba alilibusu, akalieleza kwamba anajua kuwa ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba lau asingemwona Mtume (S.A.W.) akilibusu, naye asingelibusu. Na imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Abu Waqid al-Laithiy (R.A.) kwamba wakiwa njiani kuelekea Hunain, baadhi ya waliosilimu karibuni walimwomba Mtume (S.A.W.) awatengee mti mfano wa ule waliokuwa nao washirikina, waliokuwa wakiutundikia silaha zao. Mtume (S.A.W.) alikirihika na ombi lile, akalifananisha na ombi la Wana wa Israili walipomtaka Nabii Musa (A.S.) awafanyie mungu. Ndugu msomaji, walioomba hawakuwa makafiri. Walikuwa watu waliokwisha tamka shahada, wamo katika msafara wa jihadi, na bado moyo ulitamani mti.

Tukitazama namna Mtume (S.A.W.) alivyochagua kiwanja cha msikiti wake Madina, tutaona mafundisho makubwa. Kiwanja kile kilikuwa mali ya mayatima wawili, naye akakataa kukipokea bure mpaka akinunue. Ndani yake, kwa mapokezi ya Anas bin Malik (R.A.), mlikuwa na makaburi ya washirikina, magofu na mitende. Makaburi yakafukuliwa, magofu yakasawazishwa, mitende ikakatwa na kupangwa upande wa kibla. Haikuulizwa siri ya mahali pale wala nguvu yake. Iliulizwa haki ya mwenye mali, kisha usafi, kisha kibla. Na katika Hadithi ya Jabir (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliyataja mambo matano aliyopewa yeye na hawakupewa Mitume waliomtangulia, mojawapo likiwa ni kufanyiwa ardhi kuwa msikiti na kitwaharishi. Ardhi yote. Aliyejaaliwa ardhi yote kuwa msikiti atafutie nini mstari mmoja wa nguvu?

Waliojenga Kilwa walisoma nini

Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba ardhi haina la kutuambia. Allah (S.W.) ametutaka mara nyingi katika Kitabu chake tuzitazame ishara zake: jua, kivuli, upepo, mvua. Wazee wetu wa pwani walizitazama, na katika kujenga misikiti yao walizisoma kwa uangalifu ambao sisi wenye vyuo vikuu tumeupoteza. Jina la elimu ya Wachina ya kuchagua mahali pa kujenga, ambayo nayo imejaa itikadi tusizozikubali, maana yake halisi ni upepo na maji. Kwa kiasi hicho tu, walipatia.

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi katika ukuta wa kibla yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Kwa nje ni nyumba ya kawaida yenye paa la bati, na mgeni anaweza kuupita asiujue. Ndani yake watu wanaswali mpaka leo. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianzishwa takriban zama hizo hizo, ukapanuliwa kuelekea kusini mwanzoni mwa karne ya 14 kwa matao na makuba, katika utawala wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyemkuta Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati.

Anayeingia katika gofu la msikiti ule, hata kwa mchana wa jua kali, huhisi ubaridi chini ya matao. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Mihrabu ya pwani ilichongwa kwa tumbawe laini lililotolewa baharini likiwa bado bichi, maana likikauka huwa gumu. Mahali penye paa la bapa, boriti za mikoko ndizo zilizobeba paa, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, nafasi baina ya nguzo haikuweza kupita kiasi hicho. Vipimo vya jengo vilitoka katika mti wa pwani yenyewe. Nje palikuwa na kisima, birika la kutawadhia, na mawe ya kusugulia miguu kabla ya kuingia.

Jambo jingine ambalo vijana wetu hulishangaa wakiambiwa: misikiti mingi ya kale ya Waswahili haikuwa na minara kabisa. Mwadhini alipanda juu ya paa au alisimama ngazini. Ipo michache yenye mnara, kama ule wa Malindi mjini Unguja na wa Mandhry kule Mombasa, ambayo minara yake ni ya umbo la pia, isiyofanana na ya Misri wala ya Uturuki. Kwa hiyo anayesema kwamba msikiti usio na mnara si msikiti amewatoa katika Uislamu wazee wa Kilwa. Hatusemi kwamba mnara ni makosa. Msikiti wa Mfalme Mohammed VI uliojengwa Kinondoni kwa msaada wa Morocco, baada ya ziara ya mfalme huyo mwaka 2016, una mnara wa mraba kwa desturi ya Morocco, na unapendeza. Ni zawadi ya Wamorocco, umejengwa kwa namna yao. Tunachouliza ni kwa nini jamaa ya Kariakoo yenye kiwanja cha futi chache itumie nusu ya fedha zake kwenye kuba la saruji, kisha wanawake wakose mahali pa kutawadhia.

Kiwanja cha mjini

Tuje sasa kwenye mitaa yetu. Allah (S.W.) ameipa Dar es Salaam bahati ambayo wengi hawaijui: mji huu uko karibu kusini kabisa ya Makka. Kibla chetu ni kaskazini ya kweli, kikielekea mashariki kwa kiasi cha nyuzi moja tu. Maana yake ni kwamba msikiti ulioelekezwa sawasawa huwa na ukuta wa mihrabu kaskazini, na ubavu wake mmoja hutazama mashariki na mwingine magharibi. Pepo zetu mbili kubwa, kaskazi inayovuma kuanzia Desemba hadi Machi na kusi inayovuma miezi ya katikati ya mwaka, zote zina mwelekeo wa mashariki ndani yake, moja ikitokea kaskazini mashariki na nyingine kusini mashariki. Basi ukiweka milango na madirisha makubwa ubavu wa mashariki, na matundu ya kutokea ubavu wa magharibi, upepo utapita katikati ya safu mwaka mzima. Na ule ubavu wa magharibi, ambao jua la Alasiri huupiga bila huruma, huwekewa baraza au kivuli. Milango ya pande hizi mbili imo katika misikiti mingi ya kale ya pwani. Hawakuwa na feni.

Taabu ni kwamba mitaa ya Kariakoo, iliyoanza kupimwa kwa mistari iliyonyooka zama za Wajerumani kabla ya vita ya kwanza ya dunia, haikupimwa kwa ajili ya kibla. Ndiyo maana katika baadhi ya misikiti yetu safu hukatiza ukumbi mshazari, pembeni zikabaki pembe tatu zisizofaa ila kwa kuwekea viatu na vipaza sauti vibovu. Katika jiji la Dhaka, nchini Bangladesh, msanifu majengo Marina Tabassum alikutana na taabu hiyo hiyo katika msikiti wa Bait Ur Rouf, uliomalizika mwaka 2012 katika kiwanja kilichotolewa na bibi yake. Kiwanja kilikuwa kimepinda na kibla kwa nyuzi 13. Akajenga kuta za nje zifuate mtaa, ndani yake akaweka duara, na ndani ya duara akaugeuza ukumbi wa swala uelekee kibla. Zile nafasi zilizobaki baina ya kuta akazifanya za kupitisha mwanga na hewa. Jengo ni la matofali ya kuchoma, kwa kufuata misikiti ya masultani wa kale wa Bengali, lakini halina kuba wala mnara. Mwaka 2016 likapewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Mama huyu hakunakili gofu lolote. Alichukua tofali lao na namna yao ya kuukaribisha mwanga, akaviingiza katika mtaa wenye msongamano kama wetu.

Mfano wa hapa nyumbani haupo mbali. Soko letu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, miongoni mwa wasanifu majengo wa mwanzo wa Kitanzania, na kufunguliwa mwaka 1975, lilijengwa kwa paa la zege lenye umbo la miavuli iliyogeuzwa, ili livute hewa ya moto juu na kukusanya maji ya mvua yashuke kwenye matangi chini ya ardhi. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 uliliunguza, ila fikra ile haikuungua. Msikiti wenye paa kubwa na waumini mia kadhaa wanaotawadha mara tano kwa siku, ukinunua maji ya boza huku mvua ya masika ikimwagika mtaroni, una la kujifunza kutoka sokoni.

Kisha ardhi yenyewe. Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, watu zaidi ya 30 wakafariki, na watoto waliokuwa wakicheza katika uwanja wa jirani, kando ya msikiti, walikuwa miongoni mwa walioangukiwa. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jengo la ghorofa Kariakoo, katikati ya biashara ya Jumamosi asubuhi, nalo likachukua roho za watu zaidi ya 20. Allah (S.W.) awarehemu wote. Kiwanja kizuri hujulikana kwa kutoboa udongo na kuupima, kwa mhandisi anayehesabu uzito wa kila ghorofa, na kwa nondo zisizopunguzwa usiku. Kamati inayotenga fedha za mzindikaji na kulalamikia gharama za kupima udongo imegeuza mambo kichwa chini. Tena hapa hakuna cha kusema tumetawakali, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza.

Kuhusu fremu za maduka hatuna ugomvi nazo, kodi yake ndiyo inayolipa umeme na mwalimu wa madrasa. Ila mzee wa miaka 75 aliyeswali mahali pale tangu ujana wake, leo swala iko ghorofa ya pili na ngazi ni kali, huyo tumemfukuza msikitini bila kumwambia. Tumewaona wazee wakiswali barazani kwa wenye maduka, Ijumaa, juu ya maboksi.

Limebaki suala la kuipata hiyo kibla kabla ya msingi kuchimbwa, na hapa ndipo nguvu moja ya kweli ya ardhi, yaani sumaku yake, huwahadaa wengi. Dira haielekei kaskazini ya kweli, huelekea ncha ya sumaku, ambayo nayo huhamahama. Na ukiiweka juu ya zege lenye nondo, au ukitumia dira ya simu kando ya mabati, itakuonyesha inavyotaka. Wazee walitumia jua, na jua lipo. Mara mbili kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6:27 mchana, jua husimama juu ya Al-Kaaba yenyewe. Saa ya Makka ni sawa na saa yetu. Mwezi Mei mawingu ya masika huweza kuwa hayajaondoka, lakini Julai mbingu ya Dar es Salaam aghalabu huwa safi. Simika fimbo wima kiwanjani, uihakikishe kwa timazi. Dakika ile ikifika, kivuli kitalala kuelekea kusini, urefu wake ukipita kidogo nusu ya fimbo. Funga uzi kutoka ncha ya kivuli hadi shina la fimbo, uuendeleze mbele mpaka mwisho wa kiwanja, na hapo upige mambo.